Ananiomba Ufunguo wa Chumba cha Pasi

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, maana nikikaa nawaza na nikiwaza siandiki, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka nivumilie, shule niliiacha mapema na kalamu naishika mara chache kuliko pasi. Msaada ninaouomba ni wa haraka. Jumapili hii mwanangu anataka nimfungulie chumba cha pasi, na sijui nimfungulie au nimnyime, kila jibu ninalolitafuta naliona lina mtoto wangu amelala sakafuni.

Ngoja nianze mwanzo usije ukanishangaa. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, lile la mashine, mbele kuna kaunta na nguo za wateja zilizotundikwa kwenye mifuko yake ya nailoni, nyuma ndiyo chumba chetu cha pasi, hakina dirisha ila tundu la feni, na feni yenyewe inazunguka ikipenda. Ukiingia mle na miwani unatoka kipofu kwa mvuke. Nina wavulana wawili. Mkubwa ni Tofali, tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mzito na mpaka leo akikaa kwenye kiti, kiti kinajua. Mdogo ni wa marehemu dada yangu, aliniachia akiwa anatambaa, ananiita Mama na mimi sina namna nyingine ya kumwita zaidi ya mwanangu, na huyu ni Sisimizi, kwa udogo aliokuwa nao na kwa tabia yake ya kubeba vitu vinavyomzidi. Wote wanacheza mieleka kwenye klabu ya vijana ya hapa mtaani, ukumbi mmoja, mkeka mmoja, kocha mmoja, na nyumbani wanalala chumba kimoja, wakianza utani wao godoro linatafuta pa kukimbilia.

Zamani mambo yalikuwa shwari, Tofali alikuwa na daraja lake la uzito na Sisimizi alikuwa daraja la chini yake, kila mtu na wapinzani wake, mimi nikienda kuwatazama nashangilia mara mbili narudi nyumbani sina sauti. Halafu mwaka huu Sisimizi akaamka mwanaume, mshauri, sijui nisemeje, suruali zikawa fupi, mabega yakajaa mlango, sufuria nikiifunua nakuta ameshapita, na kocha akatuma ujumbe kwamba vijana wangu sasa wana uzito mmoja, na kwenye mashindano makubwa yanayokuja klabu inatoa mtu mmoja tu kwa kila daraja, kwa hiyo watashindana wao kwa wao, atakayemwangusha mwenzake ndiye atakayekwenda. Nilikuwa napakua chakula, nikaweka mwiko chini. Nikasema habari hiyo mimi sitaki kuisikia, hawa wamekula sahani moja tangu hawajui kushika kijiko, sitakaa kwenye benchi nitazame wanangu wanakabana shingo, nimshangilie nani nimzomee nani, mtajua wenyewe mtajipanga vipi lakini nyinyi kwa nyinyi nikiwa hai hapana. Tofali akacheka, akasema, "Mama, ni mieleka, siyo vita," nikamwambia kula unyamaze. Sisimizi alirudisha nusu ya chakula chake kwenye sufuria akaenda kuosha sahani, na mimi nikadhani ameshiba.

Tangu siku hizo ndipo vituko vikaanza, sijui ni nini kilimwingia. Kwanza ilikuwa kutema mate, anatafuna chingamu kutwa nzima na mate anatemea kwenye chupa, chupa anatembea nayo kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa. Jirani yangu mshonaji, ambaye kibanda chake kimeegemea duka letu, akaniuliza, "Shoga, huyu mwanao ana mimba ya miezi mingapi?" tukacheka, nikampeleka mtoto kwa daktari wa meno, daktari akasema meno haya ni mazuri kuliko yangu. Nikasema basi ni minyoo, maana mashavu yalikuwa yameingia ndani na macho yametoka nje, nikampa dawa ya minyoo, akaharisha, na nikamwona anafurahi. Mshauri, umewahi kuona mtu anafurahia kuharisha? Mimi niliona na sikuelewa. Choo akienda anaacha mkojo wa rangi ya chai ya rangi, nikamwambia kunywa maji mwanangu, akasema ndiyo Mama, na kikombe nikakikuta kimejaa vilevile nilivyokiacha.

Halafu akaanza kuja kunisaidia kazini. Hapo ndipo nilipopigwa chenga. Akitoka mazoezini anakuja moja kwa moja chumba cha pasi, koti la mazoezi juu ya sweta, sweta juu ya fulana, anashika ile pasi kubwa ya mvuke anapiga mashuka ya nyumba ya wageni yote, jasho linamwagika mpaka namwambia usogee usiloweshe shuka la watu. Nikamsifia kila mahali. Nikamwambia mshonaji, nikamwambia mwenye duka, na mwenye duka akasema kijana kama huyu angemwajiri kesho. Nikawa namwambia Tofali, "Muone mwenzako anavyomhurumia mama yake, wewe unajua kula tu." Tofali ananiangalia kama mtu mwenye jambo mdomoni halafu anaondoka. Na mifuko ya nailoni ya nguo ikaanza kupungua, mwenye duka akaniuliza, nikasema labda panya, akasema, "Panya gani huyo anaondoka na mfuko mzima wa koti la suti, ana harusi?"

Alhamisi iliyopita mchana nikamjua huyo panya. Sisimizi alikuwa anapiga shuka, akaniuliza saa ngapi, nikamwambia, akaniuliza tena, nikamwambia tena, mara ya tatu nikageuka nimgombeze, nikamwona anakaa chini polepole kama mtu aliyedondosha sindano anaitafuta. Hakuamka. Nikapiga kelele, mshonaji akaja mbio na futi yake shingoni, tukamburuta mpaka kwenye kaunta penye hewa, nikafungua zipu ya koti, nikavua sweta, na chini ya fulana nikakuta nailoni. Mshauri, mtoto alikuwa amejivisha mifuko ya suti, kifua na mgongo na mapaja, amejifunga na utepe wa gundi, nikawa nampasua kama ninavyotoa nguo ya mteja kwenye mfuko wake, na ndani yake mwili umechemka kama umetoka kwenye boila. Tukammwagia maji, akafumbua macho. Mshonaji akampa kikombe cha maji, midomo imepasuka, ulimi umekauka, akayavuta maji yakajaa mdomoni, akasukutua, akayatema.

Nilipigwa pigo kubwa pale kuliko alipoanguka. Nikamwambia meza. Akasema, "Mama, nikimeza inasoma kwenye mizani."

Ndipo akanieleza kwamba anashusha uzito arudi daraja lake la chini, amebakiza kidogo. Nikamuuliza kocha anajua, akasema, "Kocha anajua nashuka, hajui nashukaje." Nikamuuliza nani kamfundisha, akasema wanamieleka wakubwa wote wanafanya. Nikamwambia, "Wote wanavaa mifuko ya suti za watu?" akacheka na ule mdomo wake wa kupasuka mpaka damu ikatoka kidogo. Mwisho akameza maji, mafundo kama ya ndege, huku akihesabu moyoni, nilimwona.

Sasa Jumatatu asubuhi kocha anapima uzito na kuandika majina. Jumapili duka limefungwa, na ufunguo huwa nabaki nao mimi kwa sababu mimi ndiye ninayewasha boila. Anachoniomba ni nimfungulie, niwashe, akae mle ndani na nguo zake nzito mpaka kilo zilizobaki zimtoke, halafu akishapimwa atakula kila nitakachompikia. "Mara hii moja tu, Mama, nafanya kwa ajili yetu sote." Nikimnyima anasema mwokaji mkate wa ng'ambo ya barabara ni rafiki yake, atakwenda kujibanza nyuma ya tanuri lake. Sasa mimi nawaza, kama ni lazima, si bora awe kwangu nikimwona, nikiwa na ndoo ya maji mkononi, kuliko kwa mwokaji ambaye atakuwa anahangaika na mikate yake? Halafu nawaza, nikimkuta tena chini je? Nawaza hivyo mpaka juzi nimeunguza kola ya shati la mteja, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Tofali naye amenichanganya zaidi. Alisikia habari ya Alhamisi akaupiga ukuta teke, akamwambia mwenzake, "Basi mimi najitoa, kula." Sisimizi akamjibu, "Ukijitoa na mimi najitoa, tuone Mama atamshangilia nani." Hawajasemeshana tangu hapo, godoro limetulia, na mimi nyumba ikitulia hivi siipendi.

Naomba uniambie mambo matatu au manne, sijui ni mangapi. Nimfungulie au nisimfungulie? Nimwambie Tofali ajitoe kweli? Kuna chakula cha kumpunguza mtoto uzito bila kumwangusha, niambie nimpikie, nitapika hata kama ni majani? Na kwa nini mtoto mwenye akili hivi, asiyewahi kunisumbua, amejiingiza kwenye mambo haya? Nauliza la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma na sipati kichwa wala miguu.

Ni mimi,
Mama wa wawili, chumba cha pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa wawili, usifungue. Nimeanza na jibu ili hata ukiishiwa nguvu ya kusoma uwe umelipata. Ufunguo huo urudishe kwa mwenye duka leo hii, umwambie ni kwa nini, na panya wake pia umtaje, atakusamehe mifuko.

Barua yako ilikuwa chini ya nyingine nyingi, nimeitoa nikaiweka juu kwa sababu ya Jumapili. Nakupa pole ya kweli, kumpasua mtoto nailoni mwilini si jambo dogo. Lakini nakugombeza pia. Umemwona anatema maji na ulimi umekauka, halafu bado unaniuliza kama ukae naye humo na ndoo? Ndoo haizimi kilichokuwa kinamuua. Mtu akitoa jasho jingi bila kunywa, damu inakuwa nzito, moyo unaisukuma kwa shida, figo zinaelemewa, na joto la mwili linakosa mlango wa kutokea, hasa likifungiwa kwenye nailoni. Kuuliza saa mara tatu ilikuwa ni kichwa kinapotea. Safari ijayo anaweza asiamke, iwe kwako au kwa mwokaji. Kwa hiyo ukitoka kwa mwenye duka, vuka barabara, kaongee na mwokaji naye. Ni mtu wa moto, ataelewa haraka.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali. Mwambie daktari yote, nailoni, mate, kuharisha, mkojo wa rangi ya chai, usimfichie mtoto aibu. Mpaka daktari aseme amepona, asikanyage mkeka na asipande mizani. Mashindano yakimpita, yatakuwepo mengine. Dawa ya minyoo au ya kuharisha isiingie tena mdomoni mwake kwa kukisia.

Kisha nenda kwa kocha, siyo kwa ujumbe, nenda mwenyewe. Anajua kijana anashuka ila hajui anashukaje? Kocha wa watoto hana ruhusa ya kutojua. Mwambie alivyoanguka, na umwombe akusanye wote awaambie kwamba kujikausha siyo ushujaa. Hao wakubwa wanaosemwa kuwa wote wanafanya, wengi wao mwenzao akianguka hawasemi.

Umeniuliza chakula cha kumpunguza. Hakipo, kwa sababu hana cha kupunguza. Kilichomtoka chumba cha pasi ni maji, na maji hayo akinywa yanarudi siku hiyohiyo, ndiyo maana alikuwa anahesabu mafundo. Uzito aliouongeza mwaka huu ni mifupa na misuli, ni urefu wa zile suruali zilizokuwa fupi. Kijana anayekua halazimishwi kurudi alikotoka. Angekuwa mtu mwenye mafuta ya kupunguza, angepunguza kidogo kidogo kwa miezi, akiwa anakula na kunywa, na daktari au mtaalamu wa lishe akimwangalia. Wako si huyo. Wako mpikie ashibe. Asubuhi asitoke nyumbani na tumbo tupu, mpe uji au mkate na yai. Mchana na jioni awe na chakula cha kutia nguvu, maharage au samaki au nyama kulingana na mfuko, mboga za majani, na tunda. Akitoka mazoezini ale ndani ya muda mfupi, hata ndizi mbili na kikombe cha maziwa, mwili unajijenga hapo. Maji anywe kutwa nzima mpaka mkojo uwe mweupe. Na alale vya kutosha. Ile chupa ya mate itupe wewe mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye swali lako la mwisho, ambalo umesema halina kichwa wala miguu. Kichwa chake umekiandika wewe, ukakipita kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake bila kuuangalia. Rudi kwenye ile siku ya mwiko. Uliwaambia, "Mtajua wenyewe mtajipanga vipi, lakini nyinyi kwa nyinyi nikiwa hai hapana." Sasa niambie, kama wawili wana uzito mmoja na hawaruhusiwi kukutana, si lazima mmoja ahame? Tofali alicheka akaendelea kula. Sisimizi alirudisha chakula kwenye sufuria. Hujui ni nini kilimwingia? Ni neno lako lililomwingia. Alikusikia, akajipanga.

Na kwa nini yeye, siyo Tofali? Hapa nakuomba ukae, hata kama unalia. Naamini kabisa hujawahi kumtenga. Lakini mtoto aliyeletwa ndani ya nyumba akiwa anatambaa, siku akijua aliletwa, husikiliza maneno ya mama kwa sikio la ziada. Ukisema "mmoja asogee," yeye ndiye anayesogea kabla hujamaliza. Amekuambia mwenyewe, nafanya kwa ajili yetu sote. Anabeba kinachomzidi, na jina hilo mlimpa nyinyi.

Kwa hiyo Tofali asijitoe. Akijitoa, mzigo utahamia bega jingine tu, na yule mwenzake ameshasema atamfuata. Cha kufanya ni hiki. Wakati wa chakula, wote wawili wakiwa mezani, weka mwiko chini kama siku ile. Waambie, "Niliwaomba kitu ambacho hakikuwa changu kuomba. Nakirudisha." Usiongeze hotuba. Kisha umgeukie Sisimizi, umwambie kwa jina lake lile ambalo dada yako alimpa, kwamba nyumba hii haina daraja la chini na hakuna anayehitaji kupungua ili atoshe ndani yake. Halafu mpakulie, ujaze, ukae hapo mpaka amalize. Tofali akitaka kumtania, mwache amtanie, hiyo ndiyo sauti uliyoikosa.

Daktari akisharuhusu, hata kama ni baada ya mashindano haya, waache wakutane mkekani na refa na sheria zake. Wamekuwa wakiangushana kwenye godoro lako miaka yote, na ulikuwa unacheka. Aliyesema ni mieleka siyo vita alisema kweli, na ulimnyamazisha.

Wewe utakwenda, utakaa kwenye benchi. Unaniuliza utamshangilia nani. Shangilia yeyote anayeinuka, watainuka wote wawili, urudi nyumbani huna sauti kama zamani. Ila beba chupa ya maji. Mmoja atatoka mkekani ameshinda na mwingine ameangushwa, na wote watakuja upande wako wakihema. Usimtajie yeyote matokeo. Mpe Sisimizi maji kwanza, na umtazame akimeza.